Nilivyojifunza Kupanda Bakteria

Vijana wa maabara waliponiaga walinipa vitenge viwili na saa ya ukutani. Saa, kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi. Niliipokea kwa mikono miwili, nikashukuru, nikaenda kuitundika sebuleni kwangu Kwamsisi, na kila asubuhi inanikumbusha kwamba sijachelewa kazini. Pamoja na zawadi hizo walinipa na kibarua: "Mama, tuandikie mambo uliyoyaona, ili sisi tusirudie makosa." Nikawaambia makosa mtayarudia tu, hiyo ni haki yenu, lakini kuandika nitaandika.

Nianze na jambo ambalo wengi wetu hulizungushia maneno. Kazi yangu ilikuwa mkojo. Damu ilikuwepo, makohozi yalikuwepo, na choo cha watu nimekipima mpaka basi, lakini kilichojaza siku zangu tangu ujana hadi kustaafu ni mkojo. Nimeuletewa kwenye chupa za dawa ya kikohozi, kwenye vikombe vya chai, na mara moja kwenye chupa ya maji iliyorudishiwa kifuniko vizuri kiasi kwamba mlinzi wa getini alitaka kuinywa. Majirani wananiita daktari. Siwakatalii. Mtu akishakuita daktari ukamweleza ulichokuwa unakifanya hasa, chai yenyewe hainyweki.

Nilianzia Handeni, nikiwa msichana mwembamba ndani ya koti jeupe lililonizidi. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Mntangi, Mzigua mrefu asiyecheka, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza nilimwamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unajua kunusa?"

Nikadhani sijasikia vizuri. Akanisogezea chupa. "Nusa kwanza, halafu tazama rangi, halafu ndiyo uwashe mashine. Pua haikatiki umeme."

Umeme wenyewe ulikuwa mgeni wa heshima, unakuja ukipenda. Hadubini yetu ilikuwa na kioo chini yake, tukiielekeza dirishani ili kuvuta mwanga wa jua. Wingu likitanda juu ya Handeni, ugonjwa ulisubiri. Mashine ya kuzungusha chupa ilikuwa ya mkono, na mkono wenyewe ulikuwa wangu. Baada ya mwezi mmoja bega langu la kulia lilikuwa limeshiba kuliko la kushoto, na mama yangu akawa anauliza kama kweli nilisomea maabara au kusaga mahindi.

Somo langu la kwanza lilitoka kwa mzee mmoja mfugaji wa nyuki. Kijiti nilichochovya kwenye mkojo wake kilibadilika rangi kwa kasi, sukari imejaa pomoni. Nikakimbilia kalamu. Mzee Mntangi akanishika mkono, akamgeukia mgonjwa.

"Chupa hii, baba, ilikuwa ya nini?"

"Ya asali. Lakini nimeisuuza."

"Umeisuuza kwa kitu gani?"

Mzee akafikiri. "Kwa ulimi," akasema.

Mzee Mntangi hakucheka. Aliniambia nimpe chupa safi, kisha akamtangazia kwamba chupa yake inaumwa kisukari, yeye mwenyewe hajambo. Kuanzia hapo sijawahi kusoma kipimo bila kutazama chombo kilicholetwa nacho. Na ninyi mnaotumia vikopo vya plastiki vyenye mfuniko mwekundu msidhani mmepona. Vikopo hivyo watu huvipeleka nyumbani kuwekea chumvi, kisha huvirudisha.

Somo la pili ni lugha. Tulikuwa tunawaambia watu wakojoe kidogo chini kwanza, halafu wakinge mkojo wa katikati, kwa sababu wa mwanzo huokota uchafu wa njiani. Bwana mmoja alinisikiliza kwa makini sana saa mbili asubuhi, akaondoka, akarudi saa saba mchana jasho likimtoka. "Nimeuleta," akasema, "ila kukaa nao mpaka katikati ya siku si mchezo."

Kwenye sampuli za kina mama, hasa zile za ukeni, karibu kila mara niliona chini ya hadubini bakteria kama vijiti virefu vya zambarau, vimetulia kama kuni zilizopangwa. Siku za mwanzo niliviandika vyote kwa bidii. Mzee Mntangi akavikata. "Hao ni wa kawaida. Ukiwaandika, daktari atawapiga dawa." Kwa hiyo sikuwaandika. Niliwatazama miaka na miaka kama unavyowatazama watu wa kijiji kingine mnaokutana nao mnadani. Unawaona, hamsalimiani, kila mtu anakwenda zake.

Nilipohamishiwa Korogwe nilikuta maabara ya kweli. Kulikuwa na inkubeta ya kuoteshea bakteria, sahani za kioo, na kondoo. Msishangae kondoo. Bakteria wengine ni watu wa anasa, hawaoti vizuri mpaka chakula chao kichanganywe na damu, na damu hiyo ilitoka kwa kondoo aliyefugwa nyuma ya jengo. Tulimwita Mheshimiwa. Alikula vizuri, hakuulizwa kitu, na mara chache alipohitajika kutoa mchango wake alilalamika mpaka wodini wakasikia.

Ni Korogwe pia nilikoufahamu vizuri ugonjwa wetu wa taifa, unaoitwa Malaria-na-Yutiai. Naandika kama neno moja kwa sababu ndivyo unavyotolewa. Mtu anaumwa kichwa, ni malaria na UTI. Mtoto hataki shule, ni malaria na UTI. Matabibu wengine waliuandika mgonjwa akiwa bado anatafuta kiti. Maambukizi ya kweli ya njia ya mkojo yapo, na yanatesa, wanawake kuliko wanaume, lakini nusu ya waliokuwa wakitibiwa mbele ya macho yangu mkojo wao ulikuwa safi kuliko maji ya bomba letu. Wakipewa dawa walipona, kwa kuwa hawakuwa wanaumwa. Na dawa ikapata sifa. Sipro ikawa inanunuliwa kwenye maduka kama karanga: mbili za leo, moja ya kesho, zinazobaki utamwazima shemeji.

Bakteria nao wana masikio. Dawa wanayoisikia kila siku wanaizoea.

Hapo ndipo anapoingia Mwajuma.

Mwajuma alikuwa mama mmoja wa Mkumbara, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi, akiuza vitunguu na machungwa kwenye mabasi. Kazi yake ilikuwa ya mbio. Basi likisimama, unapandisha beseni kichwani, unapigania dirisha. Choo cha karibu kilikuwa mbali na dirisha, na basi halimsubiri mtu aliyekwenda haja. Kwa hiyo hakuwa anakunywa maji tangu asubuhi, na alichokuwa nacho alikibana mpaka jioni. Alikuwa amekuja maabara mara nyingi kiasi kwamba tulikuwa tunaulizana habari za watoto. Anapata maumivu, anakunywa sipro ya dukani, anapata nafuu, kisha maumivu yanarudi yakiwa yamejifunza njia.

Siku moja aliletwa na mumewe, Hamisi, fundi baiskeli. Alikuwa anatetemeka kwa homa na hawezi kuugusa mgongo wake. Maambukizi yalikuwa yamepanda kwenye figo. Alilazwa, mkojo wake ukaletwa kwangu nikauotesha.

Kwa wasiojua, tunapanda bakteria kwenye sahani, kisha tunaweka juu yake vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa mbalimbali. Dawa inayofanya kazi huacha duara safi kuizunguka. Nilipotoa sahani ya Mwajuma kwenye inkubeta, bakteria walikuwa wameota mpaka kwenye ukingo wa sipro. Wameota mpaka kwenye ukingo wa dawa ya pili, na ya tatu. Duara safi lilikuwa moja tu, la sindano ambayo hospitali yetu tuliitunza kama mahari. Nikaibeba sahani kwenda wodini kwa miguu yangu, jambo ambalo watu wa maabara hatulifanyi. Sisi huandika tu na kunyamaza.

Daktari wa wodi alikuwa Daktari Neema, binti wa Vugiri, kule juu milimani, aliyerudi karibuni kutoka masomoni. Alikuwa mfupi, anaongea haraka, na alikuwa na tabia mbaya ya kuuliza maswali baada ya kupata jibu. Aliitazama sahani, akaagiza sindano ianze saa ile ile. Kisha akabaki ameishika.

"Mama, hii tukiimaliza, ataumwa tena?"

"Ataumwa."

"Na sindano nayo ikizoeleka?"

Nikamwambia swali hilo si la maabara.

Nje ya wodi nilimkuta Hamisi amesimama na thamosi ya uji. Alikuwa na sura ya mtu aliyelala kwenye ukumbi wa watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nikuulize kitu usinifiche. Huu ugonjwa wa kila siku, mke wangu ameuleta nyumbani kutoka wapi? Dada zangu wanasema barabarani kuna madereva. Wanasema nioe mwingine, huyu nimrudishe kwao."

Siri ya mgonjwa haisemwi ukumbini. Nikaingia ndani, nikamwambia Mwajuma mumewe anauliza nini, na kama anataka aelezwe. Alikuwa amegeukia ukutani.

"Mwambieni kila kitu," akasema. "Mimi nimesema mpaka nimekauka."

Daktari Neema akamwita Hamisi kitandani, akamweleza mbele ya mkewe kwamba bakteria hawa wanaishi tumboni mwa kila mtu, kwake Hamisi na kwa dada zake pia, na njia ya mwanamke ni fupi, wanavuka tu. Hakuna dereva aliyehusika. Hamisi akatazama thamosi.

"Hata kwa dada zangu wapo?"

"Wapo."

"Basi nitawaambia," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza nimwone akitabasamu. Sikujua kama ilikuwa habari njema kwa ndoa au habari mbaya kwa dada.

Mwajuma alipopata nafuu, Daktari Neema alikuja maabara na kipande cha kioo chenye sampuli yake ya ukeni, nikipake rangi nitazame.

"Unaona vijiti virefu? Laktobasila?"

Nikatafuta. Nilisogeza kioo huku na huku, kama mtu anayetafuta kuku jioni. Sikuona hata kimoja.

"Hawapo. Lakini hao hatuwaandiki, daktari. Hao ni wa kawaida."

"Ndiyo maana nauliza, mama. Wa kawaida wako wapi?"

Akanieleza wakati ananyoosha mgongo kwenye stuli yangu. Wale ndio walinzi. Wanatengeneza asidi, wanakaa mlangoni, wanaotoka tumboni wakifika wanakuta nafasi imejaa. Tulichomfanyia Mwajuma kwa dawa za kila mwezi ni kama kupalilia kwa moto. "Kwetu Vugiri," akasema, "ukichoma shamba uondoe magugu, usishangae magugu ndiyo yanayorudi kwanza."

Mwajuma alipoitwa tukapata na sehemu iliyobaki ya habari. Alikuwa anajisafisha kwa ndani, kwa sabuni ya unga na ndimu.

"Tangu lini?" daktari akamuuliza.

"Tangu nianze kuumwa. Nikiumwa zaidi, najisafisha zaidi." Akashusha sauti. "Mume hajawahi kusema. Ni mawifi. Walisema nanuka ugonjwa."

Daktari Neema akamshika goti, akamwambia sabuni ibaki kwenye nguo. Kisha akamweleza shauri lake. Ziko kapsuli zenye laktobasila walio hai, za kuweka ukeni. Hakumficha kwamba wataalamu wenyewe bado wanabishana. Kwa wengine zinasaidia, kwa wengine hazifui dafu, na yeye haahidi. Lakini amechoka kumpa sindano mtu mpaka sindano iishe maana.

Mwajuma akanitazama mimi. "Mama, wewe si ndiye unayewaua hawa?"

"Ndiyo."

"Na sasa mnataka mniwekee?"

"Si hao. Ni ndugu zao wenye tabia njema."

Nilijisikia kama askari anayeambiwa akifika kazini awapelekee wezi chai. Maisha yangu yote niliosha mikono, nikachemsha vyombo, nikachoma sahani, na sasa karibu na kustaafu nimegeuka bwana shamba wa bakteria.

Hamisi akazipata kapsuli kwenye duka moja la dawa mjini, akafurahi kwamba hazikumpeleka Dar es Salaam. Mwajuma akazitumia kama alivyoelekezwa. Kabla mwezi haujafika mbali, alirudi akiwa amekunja uso, ameshika kinena. Mkojo ulikuwa mchafu tena. Habari zikazunguka hospitali kabla ya chai ya saa nne. Tabibu mmoja wa nje alimkuta Daktari Neema kwenye varanda, akamuuliza kama hao walinzi wake walikwenda likizo. Mawifi nao wakapata neno jipya. Kwamba hospitali sasa inawapandia watu wadudu.

Daktari Neema hakulia, ila alikaa maabara kwangu muda mrefu akikunjua na kukunja kitambaa. Kisha akasema, "Mama, zimebaki kapsuli mbili. Unaweza kuziotesha?"

Nikaziotesha. Nilitumia sahani ya damu ya Mheshimiwa na nyingine ya chakula chenye asidi kidogo, nikazifungia kwenye mtungi wa kioo na mshumaa unaowaka ndani. Mshumaa ukila hewa mpaka uzimike, laktobasila hufurahi, wao hawapendi hewa nyingi. Kila siku nilichungulia. Kwa miaka yote nilifurahi kuona sahani tupu, maana sahani tupu ni mgonjwa mzima. Safari hii nilisimama mbele ya sahani tupu na moyo ukaniuma. Kapsuli zilikuwa zimejaa maiti.

Tukaenda dukani pamoja. Muuza duka alikuwa kijana mstaarabu, akatuonyesha kapsuli zilizobaki. Zilikaa rafu ya juu kabisa, chini ya bati, mahali ambapo mkono wangu ulipofika uliungua.

"Kijana, hapa juu hazipati joto?"

"Hapana, mama. Nimeziweka juu ili wateja wazione."

Boksi lenyewe lilikuwa limeandikwa, kwa herufi ndogo na kwa lugha ya watu, kwamba zikae mahali pa baridi. Hakuwa ameficha kitu. Hakuna aliyemwambia kwamba ndani kuna viumbe. Akatoa zote, akaomba radhi, akauliza kama bakteria wakifa kwa joto wanafaa kwa kazi nyingine.

Mzigo mwingine uliagizwa Dar, ukaja kwa basi ndani ya chombo cha barafu, na Hamisi alikwenda kuupokea stendi kama anayepokea mtoto. Kabla ya kumpa Mwajuma niliotesha kapsuli moja. Waliota. Madoa meupe madogo sahani nzima, na chini ya hadubini wakaonekana vijiti virefu, wametulia. Nilimwita Daktari Neema kwa sauti ambayo haifai kwa mtu wa umri wangu.

Shida ikawa jokofu. Mkumbara kwake halikuwepo. Lililokuwa karibu ni la soda, la Mama Upendo mwenye duka, naye hakubali kuhifadhi kitu asichokijua. Mwajuma akamwambia ni dawa ya kike. Mama Upendo akaipanga nyuma ya soda za machungwa, na ndani ya wiki moja Mkumbara nzima ikajua kuna kitu cha ajabu kwenye jokofu, lakini hakuna mwanamume aliyethubutu kuuliza. Umeme ukikatika, Mwajuma aliviringisha boksi kwenye kitambaa chenye maji, akalitia kwenye mtungi. Na daktari alimpa masharti mengine, yasiyo na barafu wala jina la kigeni: anywe maji, asibane mkojo, sabuni isiingie ndani. Hamisi akamtafutia nafasi ya kibanda karibu na choo cha kituo cha petroli. Mabasi machache yalimpita. Alisema yapite tu.

Wakati huo huo habari zikaharibika njiani, kama kawaida yake. Kwenye makundi ya simu ikasambaa kwamba hospitali ya Korogwe imethibitisha mtindi unatibu UTI. Yeyo mmoja, yaani mama wa Kimasai, aliyekuwa akituuzia mtindi getini, tukiitana kwa salamu yao, alinisimamisha.

"Takwenya."

"Iko."

"Ni wewe umesema maziwa yangu ni dawa?"

"Sikusema, yeyo. Mtindi ni chakula kizuri, bakteria wake ni wa ukoo huo huo, lakini si kapsuli hizo, na sijasema unatibu."

Akatazama foleni ya wanawake nyuma yake, vibuyu vikishuka kwa kasi. "Sawa," akasema. "Lakini usiseme kwa sauti kubwa."

Ningecheka zaidi kama asingeletwa binti mmoja aliyekuwa ameupaka mtindi mahali ambapo mtindi haupakwi, akavimba na kuwashwa mpaka akashindwa kutembea. Nilikwenda na Daktari Neema kliniki ya wajawazito tukasema wazi, bila kuzunguka: mtindi ni wa kunywa, maziwa yachemshwe kwanza kabla ya kugandishwa maana mabichi yana homa zake, na mtu akipata homa na maumivu ya mgongo aje hospitali, asiende kwenye kibuyu. Bibi mmoja akanyanyua mkono. "Sasa hao wadudu wazuri wanajuaje kwamba ni wazuri?" Daktari Neema akanigeukia. Akaniachia mimi. Nikasema hawajui, bibi, kama sisi tu.

Mwajuma alikaa bila kuumwa. Mwezi ukapita, na mwingine, mvua za vuli zikaja zikaondoka. Nilipotazama sampuli yake tena, vijiti vilikuwepo. Si wengi, lakini wapo, wamejipanga.

Nani alimponya? Hamisi anasema ni kibanda karibu na choo. Mama Upendo anasema ni jokofu lake, na sidhani kama anatania. Yeyo anajua ni mtindi, maana Mwajuma alikuwa mteja. Mwajuma anasema ni Mungu, na kwamba mawifi wameacha kuja. Daktari Neema, ukimbana, anasema mtu mmoja si ushahidi, kisha anatabasamu kama mtu mwenye ushahidi. Mimi ninachoweza kuapia ni kwamba mwanzo sahani ilikuwa tupu, baadaye haikuwa.

Wiki yangu ya mwisho kazini Mwajuma alikuja kwa homa na mafua. Tabibu mpya, Kelvin, kijana mwenye haraka na kalamu nzuri, akamwandikia kama ilivyo desturi: malaria na UTI. Nilipima vyote viwili, hakuna hata kimoja. Nikaandika hivyo, na kwa kuwa nilikuwa nastaafu na hakuna wa kunikemea, nikaongeza chini kwamba laktobasila wapo wa kutosha.

Baada ya muda nikasikia kelele kwenye dirisha la dawa. Nikatoka. Mwajuma amesimama wima, paketi ya sipro iko mezani, anaisukuma irudi ndani, na mtoa dawa anaisukuma itoke nje. Benchi zima la wagonjwa limegeuka kutazama.

"Dada, chukua, ni ya UTI, imeandikwa hapa."

"Kaka, mimi nina mafua. Unajua hao ulio na hamu ya kuwaua niliwapata kwa shida gani? Wamesafiri na basi kutoka Dar. Wamelala na soda!"

Mama mmoja kwenye benchi akamsogelea mwenzake, "Ana nini huyu?" Mwenzake akajibu kwa sauti ya chini, "Ana watoto, nadhani."

Kelvin akatoka chumbani kwake, amekasirika. Mwajuma akachukua panado zake, akaniaga, akaenda zake kuwahi basi. Kijana akanifuata mpaka maabara na karatasi mkononi.

"Mama, hawa laktobasila uliowaandika, tunawatibu na nini?"

Nikamvutia stuli. Nikaweka kioo cha yule binti wa mtindi, ambaye sasa alikuwa mzima, nikamwambia atazame. Alitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea.

"Hawafanyi kitu," akasema.

"Wanafanya. Wewe ndiye usifanye kitu."

Akacheka kidogo, akaondoka. Sikutegemea sana. Kesho yake, siku yangu ya mwisho, akaniletea mgonjwa wa kwanza, bibi wa kutoka milimani aliyekuwa bado anahema kwa ngazi. Kwenye karatasi ya kipimo Kelvin alikuwa ameandika kwa kalamu yake nzuri, malaria na UTI. Mbele yake ameweka alama ya kuuliza.

Nikaitazama alama ile, nikavaa glavu, nikaanza kazi.